SOMO: Okoa Barua na Majina Kabla ya Kuifuta Kompyuta ya Nyumbani



Katika matawi mengi, viwandani na mashambani, kazi ya chama haifanyiki ofisini kwa sababu tawi halina ofisi. Hufanyika usiku nyumbani kwa katibu au kwa mtunza hazina, kwenye kompyuta aliyoinunua kwa fedha zake mwenyewe, mara nyingi ya mtumba, ambayo mchana watoto huitumia kwa masomo yao. Humo ndimo zinamokaa barua za mwajiri, majibu ya afisa kazi, mihtasari ya mikutano, na majina ya wanachama pamoja na nambari zao za simu. Siku kompyuta hiyo inapokuwa nzito, au inapoingiwa na virusi, fundi wa mtaani huitwa. Huitazama kidogo, kisha husema, "Hii dawa yake ni kupiga windo upya." Jioni kompyuta hurudi ikiwa nyepesi kama mpya. Na humo ndani huwa tupu kama mpya.

Somo la leo lahusu saa mbili tatu zinazotangulia kazi hiyo ya fundi. Tumeona lije sasa kwa sababu wengi wanaifanya au watalazimika kuifanya. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilimaliza muda wa kawaida wa kuihudumia Windows 10, na watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha waliongezewa muda wa marekebisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026 tu. Kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11, kwa hiyo wenye nazo hutafuta mashine nyingine au huweka mfumo mwingine kama Linux. Kwa njia yoyote kati ya hizo, mashine ya zamani hufutwa.

Msomaji anaweza kuuliza, barua pepe zina uzito gani hata chama kiziandikie somo? Tutazame jambo moja. Nchini Tanzania mfanyakazi aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Migogoro ya aina nyingine ina siku 60. Akichelewa, itampasa kwanza kuomba asamehewe kuchelewa kwake, na kutoa sababu. Ikiwa barua ya kuachishwa ililetwa kwa barua pepe, tarehe na saa yake imeandikwa ndani ya barua ile. Ikiwa katibu naye alimwandikia meneja kulalamika, tarehe yake imo katika nakala ya barua iliyotumwa. Mashine ikifutwa kati ya hapo, linabaki neno lake dhidi ya neno la meneja, na meneja ana faili.

Sheria za nchi zetu zinakubali ushahidi wa namna hii. Tanzania inayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, na Uganda ilikuwa imepitisha ya kwake mwaka 2011. Lakini katika kuupima uzito ushahidi, huangaliwa pia jinsi ulivyotunzwa. Picha ya kioo cha simu iliyokatwa pembe haiwezi kulinganishwa na barua yenyewe, nzima, yenye anwani ya aliyeituma, tarehe, saa na alama za njia iliyopitia. Kwa sababu hiyo tunasema okoa barua zenyewe, usiridhike na kuzichapa kwenye karatasi.

NENO MOJA, KAZI TATU

Fundi anaposema atairejesha kompyuta katika hali yake, muulize ni kazi gani hasa. Iko ya kwanza ambayo huirudisha mashine kwenye siku ya karibuni ilipokuwa nzima. Hiyo haigusi barua wala hati zako; huondoa tu programu na marekebisho yaliyoingia baada ya siku ile. Ya pili husafisha mfumo wote lakini huahidi kukubakizia mafaili yako. Ya tatu hufuta kila kitu.

Ya tatu inaogopwa na kila mtu, kwa hiyo watu hujihadhari. Inayowaponza wengi ni ya pili. Mtu husoma kwenye kioo kwamba mafaili yake yatabaki, akatulia. Ni kweli, picha na hati zilizomo katika folda za kawaida hubaki. Lakini programu zilizoongezwa huondolewa pamoja na mipangilio yake, na programu nyingi za barua huziweka barua ndani ya folda hizo hizo za mipangilio, ambazo zimefichwa na mwenye kompyuta hajapata kuziona hata siku moja. Kwa hiyo mwenzetu hukuta picha za harusi zipo na barua za miaka mitano hazipo. Iwe ya pili au ya tatu, nakala ichukuliwe kwanza.

BARUA ZAKO ZINALALA WAPI?

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Wengi hudhani barua pepe ziko "kwenye intaneti", basi. Nyingine ziko huko. Nyingine zilikwisha kutoka huko zamani.

Tuchukue mfano wa sanduku la posta mjini. Katika shamba moja, tarishi huenda mjini kila Ijumaa, hufungua sanduku, hutoa barua zote, huzileta nyumbani na kuziweka kabatini. Sanduku hubaki tupu. Nyumba ikiungua, barua zimekwisha. Katika shamba la pili tarishi huenda, husoma barua pale pale posta, hunakili anayoyataka, na kuziacha barua sandukuni. Nyumba ikiungua, barua zipo.

Taratibu hizi mbili ndizo programu za barua zinazozifuata, na zina majina: ya kwanza huitwa POP, ya pili IMAP. IMAP ilibuniwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1986. POP ilienea sana kwa sababu iliyokuwa ya maana kabisa kwa watu wa kipato chetu. Intaneti ilipokuwa ikilipiwa kwa dakika, ilikuwa nafuu kuzivuta barua zote mara moja, kukata laini, na kuzisoma nyumbani bila gharama. Isitoshe, masanduku yenyewe yalikuwa madogo na yalijaa upesi. Programu nyingine zinazotumia POP huziacha barua kwenye seva kwa siku chache, kama 14, ndipo huzifuta. Mwenye barua akichungulia baada ya wiki moja anaziona, anadhani zitakaa milele.

Utajuaje wewe u katika shamba lipi? Jaribio lake halihitaji fundi. Azima simu au kompyuta ya mtu mwingine, ingia katika sanduku lako kwa njia ya kivinjari, kisha utafute barua moja ya zamani unayoikumbuka vizuri, kwa mfano ile ya mkataba wa hali bora miaka mitatu iliyopita. Ukiiona, barua zako ziko kwenye seva. Usipoiona, lakini kwenye kompyuta ya nyumbani ipo, basi nakala pekee duniani ni hiyo iliyo mbele ya fundi. (Ukimaliza, toka kabisa katika sanduku lako, usimwachie mwenye simu mlango wazi.)

Usiishie kwenye barua zilizoingia. Tazama na zilizotumwa. Chini ya utaratibu wa POP barua unazozituma hubaki katika kompyuta yako tu, na huko kwenye sanduku hazionekani. Hili twalikazia, kwa maana kwa kiongozi wa tawi barua alizozituma ndizo nusu ya kesi: ndizo zinazoonyesha kwamba alilalamika, kwamba aliomba kikao, kwamba alitoa taarifa ya ajali siku ile ile. Tazama pia zile folda ulizozitengeneza mwenyewe na kuzipa majina kama "Posho ya usiku" au "Ajali za mashine". Zaweza kuwa zimo ndani ya kompyuta tu, hata kama sanduku lenyewe linafuata IMAP.

Wale wanaosoma barua zao kwa kivinjari tu, katika Gmail au Yahoo, barua zao haziguswi kompyuta ikifutwa. Kwao hatari ni nyingine. Neno la siri lilihifadhiwa na kivinjari miaka mingi iliyopita, na mwenyewe halijui tena. Nambari ya simu iliyosajiliwa kwa ajili ya kuthibitisha ni ya laini iliyopotea sokoni. Kompyuta ikifutwa, barua zipo na mlango umefungwa. Kabla ya kazi ya fundi, hakikisha unalijua neno lako la siri kwa kuliandika upya kwenye kifaa kingine, na ubadilishe nambari ya simu iwe unayoitumia sasa. Tena sanduku lisilofunguliwa muda mrefu laweza kufutwa na wenyewe. Kwa Google kipindi hicho ni miaka 2, na ufutaji wa namna hiyo ulianza Desemba 2023. Yahoo husubiri miezi 12. Sanduku la tawi ambalo katibu wa zamani aliondoka na neno lake la siri liko katika hatari hiyo.

Na sanduku ulilopewa na mwajiri je? Hilo ni mali yake. Siku ya kuachishwa hulifunga, mara nyingi kabla hujafika getini. Barua za chama zisipite humo. Barua zinazokuhusu wewe mwenyewe, kama vile mkataba, hati za mshahara na barua za onyo, omba nakala na uzihifadhi mapema. Hesabu za uzalishaji na siri za biashara usiziguse. Mwajiri anayetafuta sababu atafurahi kuipata hapo.

MAJINA NDIYO YANAYOPOTEA ZAIDI

Watu wakikumbuka barua, husahau majina. Na majina ndiyo magumu kuyapata tena. Barua iliyopotea unaweza kuiomba kwa mwenzako aliyepelekewa nakala. Lakini nambari za wavuna chai 180, walioandikwa mmoja mmoja katika mizani kwa muda wa misimu miwili, utamwomba nani?

Kuna udanganyifu mmoja ambao tumeuona mara nyingi. Katibu huandika herufi mbili za jina, na programu humaliza yenyewe: anwani nzima hutokea. Yeye huamini kwamba jina hilo limehifadhiwa katika daftari la anwani. La, hasha. Programu inakumbuka tu kwamba ulipata kumwandikia mtu huyo, na kumbukumbu hiyo iko katika faili dogo lililofichwa ndani ya kompyuta. Fungua daftari lenyewe la anwani uhesabu. Huenda katika watu 200 unaowaandikia ukakuta majina 11. Yaliyobaki yaingize sasa, kabla ya kufuta.

Wanaotumia Outlook wajue jambo jingine. Kwa sanduku linalofuata IMAP, barua hurudi kwenye seva, lakini majina na kalenda huwa havipelekwi huko; programu yenyewe huviandika kuwa ni vya kompyuta hii tu. Mtu hujihakikishia kwamba barua zake zote zipo kwenye seva, hukubali kompyuta ifutwe, na barua zote hurudi kama alivyotarajia. Majina hayarudi. Katika Thunderbird majina huwa katika daftari mbili, moja la wale uliowaandika mwenyewe na jingine la wale ambao programu iliwaokota kutoka katika barua ulizozituma. Ukichukua nakala ya daftari moja ukaliacha la pili, umechukua nusu.

Majina hutolewa kwa namna mbili zinazojulikana na karibu kila programu. Moja ni faili la VCF, ambalo ni kama kadi za majina zilizofungwa pamoja. Simu nazo hulisoma. Nyingine ni CSV, yaani jedwali la maandishi ambamo kila mtu ana mstari wake na kila habari hutengwa kwa mkato. Toa zote mbili. Hazichukui nafasi yoyote ya kusema.

Hapa tunaomba wasomaji wapunguze mwendo, maana CSV ina mtego. Mtu hulifungua katika Excel ili alitazame. Excel huona nambari ya simu inayoanza na 07, ikadhani ni hesabu, ikaiondoa sifuri ya mbele. Nambari iliyoandikwa kwa tarakimu 12 pamoja na 255 au 256 ya nchi yaweza kuonyeshwa kwa ufupi wa kihesabu, ikawa 2.55 na herufi E ikifuatwa na 11. Mwenyewe hubonyeza kuhifadhi, na kile kilichoonekana kwenye kioo ndicho kinachoandikwa. Nambari zimekufa, na sura ya faili ni nzima. Kwa hiyo ukitaka kulitazama, tengeneza nakala ya pili, uitazame hiyo kwa programu ndogo ya maandishi kama Notepad, wala usihifadhi chochote. Ndugu zetu wa Burundi, Rwanda na Kongo, ambao majina yao ya Kifaransa huwa na alama juu ya herufi, wachague maandishi ya aina ya UTF-8 wanapoulizwa, la sivyo André atarudi na herufi za ajabu mwishoni.

Na majina 30 au 40 ambayo bila hayo tawi haliendi, yaani kamati, afisa kazi, wakili, zahanati na makatibu wa matawi jirani, yaandike kwa kalamu katika daftari. Daftari halipati virusi.

KUCHUKUA NAKALA YENYEWE

Sehemu hii ni rahisi kuliko inavyoogopwa. Katika Outlook ya kawaida iliyowekwa ndani ya kompyuta, fungua menyu ya File, fuata sehemu ya kufungua na kutoa, chagua neno Export, kisha chagua faili la aina ya PST. Chagua sanduku zima pamoja na folda za ndani yake, si folda moja. Barua, majina na kalenda huingia katika faili hilo moja. Ukikuta faili jingine la aina ya OST, usihangaike kulinakili. Hilo ni kivuli cha seva, na haliwezi kufunguliwa kwa kawaida katika kompyuta nyingine. Ila, kama tulivyosema, majina ya kompyuta hii tu huwa ndani ya kivuli hicho, na ndiyo sababu yatolewe kwa Export.

Thunderbird huweka kila kitu katika folda moja inayoitwa profaili. Ifungue kupitia menyu ya msaada, mahali pa habari za utatuzi, uone iko wapi, kisha ufunge programu kabisa ndipo unakili folda nzima. Kunakili programu ikiwa wazi ni sawa na kupima gunia la kahawa watu wakiendelea kulijaza. Folda hiyo huchukua barua, daftari za majina, mipangilio, na hata maneno ya siri, kwa hiyo itunzwe kama funguo.

Waliokuwa wakitumia programu ndogo ya Mail iliyokuja na Windows wajue kwamba Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2024, na haitumi wala kupokea barua tena. Barua zilizokuwa zimehifadhiwa ndani yake zaweza bado kutolewa, lakini zikifutwa pamoja na mashine hakuna atakayezirudisha. Wa Gmail wanayo huduma ya Google iitwayo Takeout, iliyoanzishwa mwaka 2011, ambayo hukufungia barua na majina yako yote uyashushe.

Nakala iwekwe wapi? Isiwe kwenye "D". Mafundi wengi husema, "Hamishia D, mimi nafuta C tu." Katika kompyuta nyingi za nyumbani C na D ni vyumba viwili vya diski moja. Fundi akikosea chumba, au diski yenyewe ikifa, vyote vimekwenda. Tumia flashi au diski ya nje, kisha uichomoe. Flashi nyingi hupangwa kwa mtindo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi gigabaiti 4. Utaambiwa faili ni kubwa mno hali flashi ina nafasi ya gigabaiti 30. Haijaharibika. Ipange upya kwa mtindo wa exFAT, ikiwa haina kitu cha maana ndani, maana kuipanga upya huifuta.

Kama kompyuta inafutwa kwa sababu ya virusi, chukua barua, majina na hati, uache programu zote. Usifungue viambatisho usivyovijua, na flashi hiyo ipitishwe kwenye programu ya kukagua virusi kabla ya kurudishwa. Wengi wameisafisha kompyuta asubuhi na kuiambukiza tena jioni kwa flashi ile ile.

NAKALA ISIYOJARIBIWA

Mwaka 1998 kampuni ya Pixar ya Marekani ilikuwa ikitengeneza filamu ya katuni, Toy Story 2. Mtu mmoja alitoa amri ya kufuta kwenye mashine iliyohifadhi kazi hiyo, na wafanyakazi wakaona vipande vya filamu vikitoweka mbele ya macho yao. Hawakuogopa sana, kwa kuwa nakala zilikuwa zikichukuliwa. Walipozifungua wakakuta kwamba utaratibu wa nakala ulikuwa umeshindwa kwa muda na hakuna aliyekuwa ametazama. Kilichowaokoa ni kompyuta ya nyumbani. Mmoja wa wasimamizi wa ufundi, Galyn Susman, alikuwa amejifungua na akifanya kazi nyumbani, na kwa hiyo alikuwa na nakala huko. Mashine hiyo ilibebwa kwa gari hadi ofisini, imefungwa mablanketi. Filamu ilitoka mwaka 1999. Mwaka 2023 kampuni hiyo ilipopunguza wafanyakazi 75, Susman alikuwamo. Hilo nalo ni somo, ila ni la toleo jingine.

Yaliyowapata mafundi wa Pixar humpata kila mtu asiyefungua nakala yake. Basi, kabla fundi hajagusa kitu, peleka flashi kwenye kompyuta nyingine. Fungua faili. Soma barua ya kwanza, ya katikati na ya mwisho, na kiambatisho kimoja. Hesabu majina, ulinganishe na hesabu ya kompyuta ya nyumbani. Ikiwa huko ni 212 na hapa ni 140, rudia.

Kisa cha pili ni cha Februari 2011. Hitilafu katika programu ya Gmail ilifanya barua za watumiaji wachache, kama asilimia 0.02, zitoweke. Google walikuwa na nakala katika vituo vyao mbalimbali, lakini hitilafu ile ilizifikia nazo, maana zote zilikuwa zimeunganishwa. Barua zilirudishwa kutoka katika kanda za sumaku zilizokuwa zimewekwa kando, zisizounganishwa na kitu. Hata tajiri wa mashine alihitaji nakala iliyochomolewa. Kuna kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh: nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na 1 iwe mbali na nyumba. Kwa tawi, nakala ya mbali yaweza kukaa kwa mweka hazina au mwenyekiti, almuradi asiwe anaishi katika kota ile ile, mlango wa pili.

MAJINA YA WANACHAMA NI AMANA

Mahali ambapo mwajiri bado hajakitambua chama, orodha ya waliojiunga ikimfikia, watu hupoteza kazi. Flashi yenye orodha hiyo si ya kuachwa mezani kwa fundi, wala kuazimwa mtoto apelekee kazi ya shule. Faili lifungwe kwa neno la siri. Programu ya bure ya 7-Zip hufanya kazi hiyo vizuri. Neno hilo walijue watu wawili wa kamati, lisiandikwe juu ya flashi. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi za Kenya na Uganda za mwaka 2019, ya Rwanda ya 2021 na ya Tanzania ya 2022 zinamtaka anayekusanya majina ya watu ayalinde, na chama hakikusamehewa.

Kama inawezekana, kaa na fundi anapofanya kazi. Mafundi wengi ni watu waaminifu wanaotafuta riziki kama sisi, lakini amana uliyopewa wewe usimtwishe yeye. Uliza pia kama diski imefungwa kwa ufunguo wa BitLocker. Kompyuta nyingi za siku hizi hujifunga zenyewe, na wakati wa matengenezo huweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo mara nyingi umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya aliyeiandikisha mashine. Utafute kabla, si baada.

KURUDISHA

Kompyuta ikisha kusafishwa, kwanza iruhusu ipate marekebisho yake yote na kinga ya virusi. Ndipo weka programu ya barua, kisha rudisha barua na majina kutoka nakala moja, ile nyingine ibaki ilipo. Ikiwa wakati wa kufungua sanduku utaulizwa kati ya POP na IMAP, chagua IMAP, kama mwenye huduma anairuhusu. Hesabu tena majina. Mtumie mwenzako barua ya majaribio, na umwombe ajibu. Flashi usiifute kwa mwezi mzima, kwa sababu kinachokosekana hakionekani siku ya kwanza; huonekana siku unapokihitaji.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

Katika tawi letu, barua za chama ziko katika kompyuta ya nani, na sanduku linafuata utaratibu gani? Nani mwingine, mbali na katibu, anayelijua neno la siri? Katibu akihamishwa shamba, au akiachishwa kazi kesho asubuhi, orodha ya wanachama itapatikana wapi, na kwa muda gani? Kikundi kichague mtu mmoja afanye lile jaribio la barua ya zamani kwa simu ya kuazima, na alete majibu katika mkutano ujao.